Zulia la Kasper

Kitendawili! Upanga kiunoni, samadi begani. Ni nani huyo? Msihangaike: ni muungwana wa kwetu Mazovia. Mashamba yetu yaligawanywa baina ya ndugu na ndugu mpaka ng'ombe akisimama kwangu, mkia uko kwa jirani. Ndiyo maana tukahamia Volinia, mbali mashariki, na mjukuu wangu Kasper akaingia kumtumikia bwana mkubwa mmoja.

Huko nani alitujua? Kasper alilishwa pamoja na watwana, na Lenart, msimamizi wa jumba, alimwita "mkulima mwenye kisu kirefu."

Sasa, desturi ni hii: mtwana huchapwa akiwa amelazwa kwenye udongo. Muungwana hutandikiwa zulia kwanza. Ukilazwa udongoni watu wakiona, uungwana umekwisha, wako na wa watoto wako.

Siku moja Kasper akampanda farasi wa bwana kushindana mbio, akamrudisha anachechemea. Bwana akaamuru viboko.

"Lala hapo," Lenart akasema uani.

"Zulia liko wapi?"

Watu wakaangua kicheko. "Jamani, mkulima anataka zulia! Na mto je, tukuletee?"

Lenart akamsogelea. "Sikiliza, kijana. Lala chini, nikupige viwili vitatu uende zako. Ukitaka zulia, utakula vya kushiba."

Kasper akanitazama. Mimi bibi yake nilikuwa mlangoni na ndoo ya maziwa. Moyo ulitaka kusema, lala, mume wangu, yaishe. Lakini nikaiweka ndoo chini, nikasimama wima.

"Nangoja zulia," akasema.

Bwana akatokea barazani kuuliza kelele ni za nini. Alipoelezwa, akamkazia macho Kasper.

"Mleteeni," akasema. "Mtwana angechukua hivyo viwili vitatu."

Zulia jekundu likatandikwa. Kasper akafungua upanga wake, akamkabidhi Lenart, akalala. Na Lenart, lazima niseme, alitimiza ahadi yake.

Jioni nilimpaka mafuta ya bata bukini mgongoni. Waungwana wa jumbani walikuwa wameshamletea bia, na Lenart mwenyewe, kwa mara ya kwanza, alinisalimu "Bi Ofka."

"Inauma, mume wangu?"

"Usiguse hapo, bibi!"

"Na zulia je?"

"Linanuka mbwa."

"Shii! Hilo usimwambie mtu."