Pua ya Kiwanda

Kwa wiki tatu nilikuwa nikiinama juu ya majani ya chai, navuta pumzi ndefu, natikisa kichwa kwa heshima zote, na sisikii harufu yoyote. Mafua yalinishika siku nne, yakaondoka, na pua yangu ikaondoka nayo. Daktari wa zahanati alinimulika kwa tochi akasema huenda ikarudi na huenda isirudi. Nilipomuuliza ni ipi kati ya hizo mbili, akaniandikia matone.

Kwa mtu mwingine hilo ni jambo dogo. Fundi wa magari asiyesikia harufu ataishi vizuri tu, pengine vizuri kuliko zamani. Lakini mimi nalipwa kwa kunusa. Kiwandani kwetu, majani yakishanyaushwa ghorofani na kusagwa, yanatandazwa kwenye meza ndefu za bati tunazoziita vitanda, yalale hapo yachachuke. Yanaingia ya kijani, yanatoka rangi ya shaba. Mwanzoni yananuka ubichi, kama nyasi zilizofyekwa. Baadaye ubichi unaisha, inakuja harufu tamu ya tunda lililoiva, na harufu hiyo haikai sana. Ikija, lazima mtu aseme "tayari," na majani yakimbizwe kwenye kikaushio. Akiwahi kusema, chai inakuwa kali, inabana ulimi. Akichelewa, inapooza, huna tofauti na anayekunywa maji ya kuoshea vyombo. Mtu wa kusema "tayari" kwa miaka kumi na tisa ni mimi, ndiyo maana wote wananiita Pua.

Aliyenitangulia alizeeka, pua ikazeeka naye, wakampa ufagio. Pamoja na ufagio wakamhamisha, maana zile nyumba za matofali zenye bomba ndani ni za mafundi, na ukivuliwa cheo unarudisha ufunguo. Mimi ndiye niliyehamia kwake. Nakumbuka mkewe akitoa masufuria mlangoni bila kutusalimia. Kwa hiyo nilipoamka sina pua sikumwambia mtu. Niliogopa, na sioni haya kusema kwamba niliogopa.

Mke wangu aligundua siku ya tano. Yeye ni mchumaji, anashinda shambani na kikapu mgongoni. Jioni hiyo alinikuta nimekaa hatua mbili kutoka jikoni nasoma gazeti, na maharage yameungulia ndani ya sufuria mpaka yameshikana na kitako.

"Baba watoto," akasema, "wewe huna pua."

"Nilikuwa na mawazo."

"Mawazo hayazibi pua."

Nikainuka nikaipua sufuria.

Nilikuwa nimejitafutia njia. Majani yakichachuka yanajitia joto yenyewe. Joto linapanda, linafika mwisho wake, kisha linaanza kushuka, na pale linapoanza kushuka ndipo harufu tamu inapotoka. Basi nikawa nachomeka mkono ndani ya majani, nasikiliza joto kwa mgongo wa kiganja, huku uso nimeuinamisha ili watu waone nanusa. Kipimajoto tunacho kimoja, nacho kimetundikwa ukutani kinapima hewa. Rangi ya majani nayo ilinisaidia. Mwonjaji wetu aliandika mara mbili kwamba chai ina ubichi kidogo, meneja akailaumu mvua, nami nikailaumu mvua pamoja naye.

Halafu zikaja habari za wageni. Mnunuzi mkubwa, mama mmoja aliyekuwa akifikiria kuchukua chai yetu yote ya mwaka, alitaka kuja na watu wake waone kazi kuanzia shambani. Meneja alifurahi mpaka akabadilisha taa. Chumba changu kikawekewa taa nne nyeupe, picha zitoke vizuri. Nilipoziona zikiwashwa nilijua macho hayatanisaidia tena, kwa sababu chini ya mwanga ule majani yote yalikuwa rangi moja.

Asubuhi ya siku yenyewe mke wangu alikuwa anafunga kilemba. Yeye na wenzake wawili walichaguliwa kuwaonyesha wageni jinsi ya kuchuma.

"Mwambie meneja kabla hawajafika," akasema.

"Leo? Leo ndiyo siku ya kumwambia mtu jambo kama hilo?"

"Jana ulisema kesho."

"Wakishaondoka nitamwambia."

"Chai ikiharibika mbele ya yule mama, hutakuwa na la kumwambia. Atakuwa ameshajionea."

Nikamwambia asinitie mkosi asubuhi asubuhi. Akachukua kikapu akatoka, nami nikabaki nimeshika kikombe cha chai ambayo kwangu ilikuwa maji ya moto tu.

Ukungu ulikuwa mzito. Shambani wageni walijipanga kati ya mistari ya michai, ambayo imekatwa ikalingana kimo cha kiuno, wakamtazama mke wangu akichuma. Alivunja majani mawili na chipukizi lake, mawili na chipukizi lake, mikono yote miwili, bila kuangalia, na kila viganja vikijaa anayatupa nyuma ya bega yanaingia kikapuni. Mgeni mmoja alijaribu akang'oa jani gumu kama la mwembe, watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa naangalia saa, kwa kuwa majani ya kitanda cha kwanza yalikuwa yameshatandazwa.

Meneja ni mtu mwema, ila hutia chumvi. Alinishika bega mbele yao.

"Huyu ndiye mashine yetu," akasema. "Akinusa huyu, hakosei. Hajakosea hata mara moja."

Yule mnunuzi akanitazama, si kwa dharau, kwa udadisi tu. "Na ukishikwa na mafua, mzee?"

"Mafua yananiogopa, mama," nikasema, na wote wakacheka. Mke wangu aliinamia mchai akaendelea kuchuma.

Kiwandani tulianzia ghorofani. Pale majani hulazwa juu ya wavu usiku mzima yakipulizwa upepo kutoka chini, mpaka yalegee. Nikachukua gao moja nikalifinya, nikafungua kiganja, donge likabaki donge. Nikawaeleza kwamba likisambaratika bado lina maji mengi. Hapo nilikuwa salama, kwa sababu kazi ile ni ya mkono. Natamani tungekaa palepale mpaka jioni. Lakini tulishuka, tukapita mashine za kusaga zinazopiga kelele, tukaingia chumbani kwangu.

Meneja alikuwa ameagiza wachumaji nao waingie na vikapu vyao, wawe kwenye picha. Mke wangu hakuwa ameingia chumba kile hata siku moja, ingawa ndicho kimetulisha miaka kumi na tisa. Wachumaji huishia kwenye mizani nje. Alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango mkubwa.

Nikaenda kitanda cha kwanza, nikaupa mlango mgongo, nikachomeka mkono. Kulikuwa na joto zuri. Nikaongea maneno mengi kuhusu ubichi na tunda lililoiva, maneno niliyoyazoea, huku naomba kimoyomoyo taa zile zizimike. Nikachomeka tena, joto lilikuwa limepanda. Nikaongea tena. Mara ya tatu nikasikia joto linashuka. Dakika hamsini tangu yatandazwe. Kwa siku ya baridi ilikuwa mapema mno, na nafsi yangu iliniambia hivyo waziwazi, lakini watu wote walikuwa wananitazama pua na mkono haujawahi kunidanganya.

Nikainamisha uso, nikavuta pumzi ndefu. "Tayari," nikasema.

Mkaushaji akashika koleo.

"Bado."

Sauti ilitoka nyuma, na niliijua kabla sijageuka. Kila mtu aligeuka. Mke wangu alikuwa amekumbatia kikapu kifuani.

"Bado, baba watoto," akasema kwa sauti ya chini. "Yananuka kama mikono yangu nikirudi nyumbani."

Mmoja wa wageni alicheka akidhani ni mzaha wa mke na mume. Meneja hakucheka. "Mzee," akasema, "nusa tena."

Nilikuwa na jibu tayari mdomoni. Ningesema yeye ni mchumaji, chumba hiki anajulia wapi. Wangeniamini wote, naye angeondoka na aibu mbele ya wenzake, nami ningebaki na ufunguo wangu. Sitasema sikulifikiria. Lakini nilipomtazama niliona nyuma yake mlango mkubwa, ambao huwa tunaufunga, umeachwa wazi mbawa zote mbili kwa ajili ya mwanga wa picha, na ukungu unaingia sakafuni polepole mpaka kwenye miguu ya kitanda. Majani yalikuwa yanapoa kwa upepo. Mkono haukunidanganya, ulisikia baridi ya nje.

"Funga mlango," nikamwambia mkaushaji. Kisha nikamgeukia meneja. "Sisikii harufu. Wiki ya tatu sasa."

Mashine za chumba cha pili ziliendelea kupiga kelele, na yule mnunuzi alifunga daftari lake taratibu.

"Basi nani atasema tayari?" meneja akauliza, na safari hii hakutia chumvi yoyote.

Nikamwita mke wangu kwa mkono. Aliweka kikapu chini, akaja. Nikamwonyesha jinsi ya kuinama. "Ubichi utaisha kwanza," nikamnong'oneza. "Usiseme hapo. Ngoja tunda."

"Tunda gani?"

"Utalijua."

Tukasimama hivyo, yeye pua, mimi mkono, wageni wametuzunguka. Dakika kumi zikapita, kumi na tano. Niliogopa kuliko asubuhi, kwa sababu sasa wa kuumbuka tulikuwa wawili. Kwenye dakika ya ishirini na moja mkono wangu ulikuwa bado unasita aliposhika ukosi wa shati langu.

"Sasa," akasema.

Nikaitikia, "Tayari."

Chai ilipotoka kwenye kikaushio wakaitia maji ya moto, wakaichuja na kuimimina kwenye vikombe vyeupe. Mnunuzi akaivuta kwa kijiko kwa kelele kama wafanyavyo waonjaji, akaizungusha mdomoni, akatema kwenye ndoo. Akachukua kijiko cha pili, na hicho hakukitema.

"Hii naitaka," akasema. Akamtazama mke wangu, si mimi.

Kesho yake meneja aliniita. Alinikemea kwa nusu saa, na kila neno lilikuwa haki yangu. Akasema angeweza kunifukuza. Halafu akasema kuanzia Jumatatu niko ghorofani, kwenye kunyausha, kazi ya mikono, na mke wangu yuko kwenye vitanda. Nikamuuliza kuhusu nyumba. Akaniangalia kama mtu asiyeelewa swali.

"Nyumba ni ya fundi wa vitanda," akasema. "Muulize yeye kama atakubali kukaa nawe."

Alikubali, ila siku mbili za kwanza alinifanya nigonge mlango. Sasa watu wanamwita Pua, na mimi wananiita mume wa Pua. Nacheka nao. Kuna siku nacheka kwa shida, na mchana nikifinya majani kule juu namsikia chini akisema "tayari," nami wivu unanishika mpaka nasimama dirishani kidogo.

Zamani alikuwa akirudi na mikono inayonuka ubichi, na nilizoea kumtania akanawe kabla ya kugusa mkate wangu. Siku hizi, akikaa, nachukua mikono yake miwili naipeleka usoni kwangu. Navuta pumzi ndefu. Yeye anasubiri mpaka nimalize.

"Leo?" ananiuliza.

"Bado," namwambia. "Niambie wewe."

Naye anainusa mwenyewe, polepole, ananiambia.