Kibao cha Du-man

Mak-rye alichoshwa na tambi zamani. Kila asubuhi alikanda unga, akausukuma, akaukunja na kuukata kwa kisu, kisha akabandika mchuzi wa kombe za baharini jikoni huku mgongo ukimlalamikia. Kilichomfanya aendelee kufungua duka ni kibao juu ya mlango. Alikiandika marehemu mumewe, Du-man, aliyekuwa fundi wa vibao katika mtaa ule wa Gunsan, mji wa bandari wa Korea.

Herufi za Du-man zilikuwa nene, zimekatwa wima, hazina mikia wala madaha. Ila alikuwa na ugonjwa wake. Alianza kwa mbwembwe, akajiachia, na akikaribia mwisho ubao umemwishia, basi herufi ya mwisho anaibana kama mtu anayefunga sanduku kwa goti. Hata kwenye godoro alijilaza katikati, mkewe akamalizikia ukutani. Kibao cha mkewe ndicho alichokibana kuliko vyote, kwa sababu siku hiyo Mak-rye ndiye aliyemshikia ubao, na wawili hao hawakuacha kupiga soga.

Mwaka juzi alikuja Chae-rin, binti wa Seoul ambaye kazi yake ni kubuni herufi za kompyuta. Alikipiga kibao picha, akala mabakuli mawili, akaomba ruhusa ya kuzigeuza herufi zile kuwa fonti, ili yeyote atakaye aandikie.

"Na huko kubanwa je?" Mak-rye akauliza.

"Huo ndio utamu wenyewe, mama."

Mak-rye akakubali. Kwa mgongo ule hakuwa na safari ndefu dukani. Siku akifunga duka, kibao kingeishia kuwa kuni, na mkono wa Du-man ungetoweka mtaani. Alitaka ubaki. Hakutaka kingine.

Basi fonti ikapendwa kupita kiasi. Walianza wenye mkahawa wa kahawa, wakafuata wa duka la dawa, mwisho Pil-nam wa ng'ambo ya barabara, naye muuza tambi. Kila kibao kikabana herufi yake ya mwisho, kidogo tu, kwa adabu. Enzi za Du-man, fundi hakuthubutu kuyapa maduka mawili ya mtaa mmoja sura moja. Wenyewe wangeng'oana nywele.

"Umenichukulia mume bila hata posa," Mak-rye alimwambia Pil-nam.

"Nimemchukua akiwa kimya, dada. Wewe ulimpata na maneno yake yote."

Wakacheka, yakaisha.

Jumamosi moja vijana wawili, mvulana na msichana, walisimama mlangoni na kamera. Mak-rye alikuwa ndani akifuta meza, dirisha wazi.

"Na hawa nao wameiga," mvulana akasema. "Ila wameharibu. Ona mwisho walivyoubana, hata hausomeki."

"Na rangi wameichakaza makusudi. Twende pale ng'ambo, pale ndipo penyewe."

Wakavuka kwa Pil-nam.

Mak-rye alitaka kuwakimbilia. Akajiona amesimama barabarani, aproni imejaa unga, akiwaapia watoto wa watu kwamba mumewe ni mumewe. Uchovu ukamshinda, akaketi. Iliuma, na iliuma zaidi kwa kuwa alichokitaka alikuwa amekipata. Mkono wa Du-man ulikuwa kila mlango, na palikuwa na mlango mmoja tu ambapo watu waliukana.

Jioni Pil-nam alikuja amefura. "Nimewaambia cha kwako ndicho chenyewe. Wamecheka, wakadhani nakupigia debe."

Jumatatu, siku yake ya mapumziko, Mak-rye alimpigia simu Chae-rin. "Mwanangu, nitengenezee kibao kipya. Cha fonti yako, kama cha wenzangu."

Chae-rin akauliza, "Na kile cha zamani, mama? Makumbusho watakigombania."

"Kile kinarudi nyumbani. Kimesimama juani vya kutosha."

Siku hiyo hiyo walikishusha yeye na Pil-nam na mume wa Pil-nam, wakakiingiza chumba cha nyuma alikolala. Walikiegemeza ukutani juu ya godoro, wakakisukuma, na ukuta ukawaishia. Ilibidi mwisho wa ubao uingizwe nyuma ya kabati, na ile herufi iliyobanwa ikamezwa huko.

"Dada, hata kupima hukupima?"

"Aliyekuwa akipima humu ndani ni yeye," Mak-rye akasema. "Na unaona alivyokuwa akipima."

Pil-nam alicheka mpaka akajishika kiuno, kisha akamshika mwenzake bega, akaondoka na mumewe.

Mchana ule hapakuwa na unga wa kukanda. Mak-rye alivua aproni, akatandika vizuri. Miaka yote tangu amzike Du-man alikuwa akilala katikati ya godoro, maana nani wa kumzuia. Sasa alipanda, akasogea mpaka ukutani, akajibana pale chini ya herufi, akalala.