Kitufe cha Shikamoo

Mwalimu Agnesi alikuwa na siku mbili tu za kumwondoa mama yake kwenye gemu, na mama mwenyewe alikuwa njiani anakuja.

Tuanze na ujinga wake, maana huko ndiko anakoanzia mwenyewe kila akisimulia habari hii. Agnesi anafundisha Kiswahili sekondari mjini Sumbawanga, na ana kipaji cha hadithi kinachomfanya ajione kidogo. Amin, mtoto wa mzee Halfani mwenye duka la jumla, alipomwandikia kutoka Dar es Salaam kwamba kampuni yake inatengeneza gemu ya simu na inatafuta mwandishi, mwalimu wetu hakuuliza maswali mengi. Aliandika hadithi ya binti anayepanda kutoka Bonde la Rukwa kwenye joto hadi juu Ufipa kwenye baridi, kutafuta moto wa kupeleka kwao. Moto huo anao bibi mmoja anayekaa kwenye tanuru la kale la kuyeyushia chuma, yale matanuru marefu kuliko mtu ambayo mengine mpaka leo yamesimama porini. Bibi anampa binti kaa la moto, basi.

Ilitakiwa sauti ya bibi. Agnesi akamrekodi mama yake, Rosina, jikoni kwake kijijini upande wa Msanzi, na picha akampiga humohumo, moshi umetanda. Mkataba alisaini wa kwake, ule wenye maneno "mabadiliko madogo yanaruhusiwa." Wa mama hakuna aliyeukumbuka.

Jumamosi asubuhi likaja toleo la majaribio. Agnesi akakaa kitandani na chai yake, akapanda mlima na binti wake, akafika kwenye tanuru.

"Karibu mwanangu, sogea karibu na moto," ilisema sauti ya mama yake, tamu vilevile.

Kisha macho ya bibi yakawaka mekundu, radi ikapasua anga, na chini ya kioo vikatokea vitufe vitatu: PIGA, KIMBIA, NUNUA. Agnesi akabonyeza Kimbia. Gemu ikamwambia miguu yake imerogwa, anunue panga la shaba. Panga likaja, kwa majaribio lilikuwa bure, na binti aliyemtunga kwa mkono wake mwenyewe akamkatakata bibi mpaka damu ikatiririka juu ya vitufe. Gemu nayo ilikuwa na jina jipya, Radi ya Sumbawanga. Chai ikapoa bila kunywewa.

Mtu mwingine angekasirika tu. Agnesi aliogopa, na alikuwa na sababu. Macho ya Rosina ni mekundu kweli, kwa moshi wa kuni wa miaka hamsini. Miaka sita iliyopita radi iliua ndama wa jirani, na wiki iliyofuata watoto wa kijiji wakaacha kumwamkia. Hakuna aliyesema neno. Walimpita wakiangalia chini, na mama mtu mzima akawa anakwenda kisimani na kurudi bila hata shikamoo moja. Dada yake Rosina, huko alikoolewa, alianza kwa kimya kama hicho, akaishia kuchomewa nyumba. Kwa Rosina mambo yalipoa polepole, baada ya katekista kupita nyumba kwa nyumba na zahanati kumpa dawa ya macho. Watoto wakarudi kumwamkia mmojammoja. Sasa Jumatatu, siku ya gemu kutoka, sura ileile, sauti ileile na radi ileile zingeingia kwenye simu ya kila kijana.

Akampigia Amin.

"Dada Agnesi, usichukulie hivyo," alisema Amin. "Tuliwajaribisha vijana. Ile ya kaa la moto wanapiga miayo. Wakifika kwa bibi na panga, wananunua bila kulazimishwa. Halafu jina la Sumbawanga lenyewe linauza, unajua tena, watu wakilisikia wanawaza wachawi wa kutuma radi."

"Na wewe umezaliwa hapa."

"Ndiyo maana najua. Huku nikitaja kwetu, mtu ananiambia usinitumie radi. Kila siku."

"Kwa hiyo umeamua kuwauzia huo utani?"

Amin akasema ana kikao, watazungumza wiki ijayo. Wiki ijayo! Agnesi aliitupa simu kitandani akalia kwa hasira, akajitukana kwa majina ambayo wanafunzi wake hawajawahi kuyasikia kinywani mwake.

Saa nne mama akabisha hodi, kilemba kipya, mfuko wa maharage mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Haya, nionyeshe huyo bibi wangu."

"Mtandao unasumbua leo, mama."

"Mtandao wako unasumbua kila nikija," alisema Rosina, akaketi.

Maziwa yalikuwa jikoni yanataka kumwagika. Agnesi akakimbia, simu akaisahau kitandani na gemu wazi palepale kwenye tanuru, na alipotoka huko akasikia sauti ya mama yake mara mbili, moja kwenye simu inasema sogea karibu na moto, nyingine kwenye kiti inacheka kwa furaha. Kicheko kikakatika. Agnesi alisimama mlangoni na sufuria ya moto, mikono inamuungua, hasikii.

Rosina hakulia wala kufoka. Alikuwa ameisogeza simu karibu na yale macho yake, kidole kikielea juu ya vitufe kimoja baada ya kingine.

"Agnesi, pa kuamkia ni wapi?"

"Mama?"

"Huyu binti ametoka bondeni huko, amefika kwa mtu mzima, amekaribishwa. Naona pa kupiga, pa kukimbia, na pa kununua. Shikamoo anabonyeza wapi?"

Agnesi akaweka sufuria chini. Hapo ndipo alipomweleza mama yake yote, hata la mkataba, hata la kujiona, na alipomaliza alikuwa amepiga magoti bila kujua alipiga saa ngapi. Rosina alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwite huyo Amin," alisema.

Amin alipopokea, simu ikiwa kwenye spika, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejiandaa kubishana. "Dada Agnesi, nimeshakwambia..."

"Siyo Agnesi. Ni mama yake."

"Shikamoo mama!" alisema Amin papo hapo.

"Marahaba baba. Kumbe unajua kuamkia."

Amin akacheka kicheko cha aibu.

"Mimi ndiye huyo bibi uliyemwekea panga," aliendelea Rosina. "Na mama yako Kulsumu ananunua maharage kwangu tangu wewe unatambaa. Nimefika kwenye mchezo wako nikatafuta pa kuniamkia, sikupaona. Umesahau au umepaondoa?"

"Mama, ni... ni biashara tu."

"Sikatai biashara. Ukitaka damu weka zimwi. Tuliwahadithia mazimwi yanameza kijiji kizima mkalala vizuri tu. Lakini zimwi halina sura ya mtu anayekwenda kisimani. Unajua watu wakiacha kumwamkia bibi kizee ni nini kinafuata?"

Amin hakulitaja tena neno biashara. Alikuwa mtoto wa Sumbawanga, alijua.

"Niliwahi kumpita mmoja," alisema kwa sauti ndogo. "Nikiwa darasa la nne. Wenzangu walisema nisimwamkie. Mama, Jumatatu haitoki. Nipe wiki tatu."

Agnesi akajikuta anacheka na kulia pamoja, hata Rosina akamwambia ajifute kamasi, yeye ni mwalimu. Maziwa waliyakuta na utando mzito juu, wakayanywa hivyohivyo.

Msidhani Amin aligeuka malaika. Wiki ya pili aliandika kuuliza kama kitufe cha shikamoo kingeweza kuuzwa, bei ndogo tu. Agnesi akamjibu kwamba atauliza maoni ya mama Kulsumu kwanza, na habari ya kuuza ikaishia hapo. Damu aliihamishia kwa zimwi la midomo saba njiani, akalibandikia onyo la umri, na panga la shaba analiuza huko mpaka leo. Lakini ukifika kwenye tanuru panga linakaa chini lenyewe, radi hakuna, na kitufe ni kimoja. Usipoamkia hupewi moto. Jina la gemu likawa Kaa la Moto, na Rosina safari hii alisaini mwenyewe, taratibu, kila ukurasa.

Lililobaki Agnesi alilishuhudia likizo ya Juni. Alikuwa jikoni kwa mama yake akichambua maharage aliposikia vishindo vya miguu nje, vya watoto wengi, vikasimama ghafla karibu na ua. Akaacha kuchambua. Aliikumbuka miaka ile, akasikiliza kama watapita.

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba," alijibu Rosina kutoka barazani.

"Ni yeye! Si nilikwambia ni yeye? Bibi, sema na lile lingine!"

"Lipi tena?"

"Lile la moto!"

Rosina akakohoa, akajiweka sawa kwenye kigoda. Kila siku wanakuja, alikuwa amemlalamikia Agnesi asubuhi ile, wengine kutoka kijiji cha pili, koo linamkauka kwa kuitikia. Alilalamika huku amevaa kile kilemba chake kipya, saa moja ya asubuhi, siku isiyo ya misa.

"Karibuni wanangu," alisema, "sogeeni karibu na moto."

Wakaingia wote.