Ndoo Juu ya Jiwe

...na huyo Meurig naye anatafuna tu peremende yake ya mnanaa, mtoto wa mjomba kabisa, hata pole hana, amesimama na shada la maua ya njano kana kwamba Jumapili ya Maua, siku ya kupamba makaburi, ni ya babake, na Nerys amepiga magoti kwenye nyasi mbichi za kanisa alilofundishwa kulichukia tangu ananyonya, anasugua jiwe jingine la kaburi kwa brashi, Parri, Parri tena, Parri kichanga, na Lowri Parri hayupo, mama alisema hayupo, bibi yangu, alisema mama, walimtoa kanisani kwa mimba na alipokufa wakamnyima hata jiwe, mbwa wale, nikifa nichomeni, msinilaze nao... wakamchoma, majivu wakayamwaga mtoni Liverpool, nusu yakamrudia Nerys kwenye koti... "Dada, utaimaliza hiyo brashi," anacheka, anacheka nini, si upande wake wa ukoo ndio uliobaki na shamba, si wazee wake walionyoosha mikono kanisani kupiga kura atolewe, "Parri wa nini? Hilo ni jina la mume. Wake za watu zamani hapa walizikwa kwa majina ya baba zao, mbona hata kondoo wangu wanajua," "Usinifundishe, Meurig," "Sikufundishi. Ndoo yako umeiweka juu yake," na Nerys anageuka, ndoo ya maji machafu, jiwe limelala chini yake, Lowri Tudur, Hafod Las, herufi zimechongwa na mtu asiye na haraka, limesuguliwa, safi kuliko yote, ndiyo maana hakulisugua, mwongo, lazima anadanganya, lakini Hafod Las ndilo shamba alikozaliwa mama... "Walimtoa, kweli, na walimrudisha. Maua tunamletea kila mwaka. Mama yako alikuja mara moja, akazunguka, akatema mate getini, akaenda zake. Hakuuliza mtu," hakuuliza, mama angekufa kiu kabla ya kuwaomba hawa maji, na mimi je, asubuhi nzima nimeuliza nani, angelala hapa, mama, kando ya bibi yake, nafasi ipo, nyasi tupu... "Ondoa basi, niyaweke," anasema Meurig, shada mkononi, anatafuna, na Nerys ameshika mpini wa ndoo na haiinui, akiiinua tu chuki hii yote itabidi amrudishie mwenyewe, mama, na mwenyewe yuko mtoni.