Kifuko Kisichopungua

Wachuka alizitandaza picha mbili juu ya paja lake, ya Januari na ya Aprili, akazikodolea macho. Katika kila moja, ndani ya ini la baba yake, palikuwa na duara jeusi lenye ukingo mweupe. Kando yake kipimo kilekile: sentimita nane nukta nne.

"Huyu mpiga picha anatuchezea," alijisemea.

Baba yake, Mzee Gachanja, alifuga kondoo na kulima viazi Kuresoi. Mwanzoni mwa mwaka aliambiwa ana kifuko cha maji kwenye ini, ugonjwa unaoletwa na mayai ya minyoo ya mbwa. Akapewa vidonge, kimoja asubuhi, kimoja jioni, na kila miezi mitatu arudi kliniki mjini Nakuru apigwe picha, ionekane kama kifuko kinanywea. Wachuka, mwalimu wa shule ya msingi Njoro, ndiye aliyempeleka. Sasa ilikuwa Julai, wakisubiri picha ya tatu.

Mpiga picha alikuwa Yaseen, kijana wa mtaa wa Bondeni asiye na maneno mengi. Kimya chake ndicho kilichomtia Wachuka wasiwasi. Mbona hupima mahali pamoja mara nne? Mbona huwapa kisogo akiandika? Siku hiyo alimpaka mzee mafuta ya baridi tumboni, akapitisha kifaa chini ya mbavu. Mashine ikatoa karatasi. Nane nukta tano.

"Daktari, nikuulize," Wachuka alisema. "Hii si ile ya Aprili umebadilisha tarehe na tarakimu moja tu?"

Mzee Gachanja alifumba macho kwa aibu. Yaseen aliigeuza skrini imwelekee Wachuka, akakirudisha kifaa mbavuni.

"Mzee, vuta pumzi. Haya, toa." Duara likashuka, likapanda. "Hii ni ya sasa hivi, mwalimu. Hata mimi sielewi. Miezi sita ya dawa, huu ukuta wa kifuko ungekuwa umeanza kubanduka. Haujaguswa." Akamgeukia baba. "Mzee, vidonge unameza vyote?"

"Nameza," alijibu mzee, akiangalia dirisha.

Wachuka aliliona hilo jicho la dirishani. Usiku ule hakupata usingizi mzuri. Alimshuku mwenye chemisti kwamba amewauzia dawa feki, kisha akamshuku baba yake, na hilo likamuuma zaidi. Ijumaa akapanda Kuresoi bila kusema kinachompeleka.

Jumamosi asubuhi baba alimeza kidonge kwa chai mbele yake. Jioni alitoa cha pili kwenye pakiti, akakifumbata, akaelekea jikoni kama mtu anayekwenda kuota moto. Wachuka akamfuata kwa kunyata, akachungulia katikati ya mbao.

Baba alikuwa amenyoosha kiganja. Mama alikichukua kidonge, akakimeza kwa maji, kisha akajishika ubavu wa kulia.

"Mama!" Wachuka alisukuma mlango. "Tangu lini?"

"Tangu Januari," baba alisema. "Ana uchungu uleule wangu. Nimemwomba twende hospitali, amekataa. Ningemwacha hivyo?"

"Tukilala sisi wote, nani atakamua ng'ombe?" mama akafoka. "Nani atatoa viazi?"

"Kwa hivyo hakuna aliyetibiwa," Wachuka alisema. "Yeye nusu, wewe nusu. Na mimi nimemwita mtu mwongo bure."

Mama aligeukia sufuria yake, lakini Wachuka hakumwachia, na Jumatatu alikuwa kwenye kitanda cha kliniki, mikono ameikunja kifuani. Yaseen alipima kwa muda mrefu sana. Vifuko vilikuwa vitatu, na kikubwa kilikuwa kimefika ukingoni mwa ini.

"Hiki kisije kikapasukia ndani," alisema. "Mathe, lazima daktari wa upasuaji akuone wiki hii."

Wachuka alibaki nyuma wazazi wake walipotoka. "Nilikushuku. Nisamehe."

"Nilijua. Nilipaswa kuwaeleza mapema," Yaseen alisema. "Nilikuwa nashuku mashine yangu. Ndiyo maana nilipima mara nyingi hivyo."

Mama alipasuliwa Agosti, kifuko kikubwa kikatolewa. Kidonda kilichelewa kufunga, akauguzwa Njoro nyumbani kwa Wachuka, akilalamika kila siku kwamba chai ya huko haina maziwa. Kuresoi mbwa walipewa dawa ya minyoo, na kondoo akichinjwa, matumbo yalifukiwa, mbwa wasiyale.

Oktoba, baada ya miezi ya vidonge vyote, picha ya baba ilionyesha sita nukta tisa. Ukuta wa ndani ulikuwa umebanduka, ukielea kama ganda la kitunguu. Mzee Gachanja hakungoja hata kufuta mafuta tumboni. Alitoka hadi koridoni, simu sikioni, sauti ikajaza benchi zima la wagonjwa.

"Mama Wachuka! Kimenywea! Ninakwambia nimekiona na macho yangu! Wewe vyako vilivyobaki tunaviangalia Jumanne. Hapana, hakuna cha viazi. Jumanne!"