Taya la Mgeni wa Jumapili

Jumapili mchana Mama Myriam alikuwa anasonga bukari, ugali wa kwao, nyuma ya nyumba yake, pembezoni mwa Lubumbashi, mgeni alipobisha hodi. Alikuwa mwanamke mfupi, wa makamo, amevaa nguo ya gome la mti lililopondwa vizuri, na mkono mmoja ameziba nao mdomo kwa sababu hakuwa na taya la chini. Mama Myriam alimkaribisha, akamsogezea kiti cha plastiki, kisha akaendelea kusonga, maana bukari haimngoji mtu.

Taya lenyewe lilikuwa sebuleni, ndani ya katoni. Binti wa Mama Myriam, Constance, mwanaakiolojia wa chuo kikuu, alikuwa amelitoa katika kaburi la miaka elfu mbili lililofukuliwa ukingoni mwa kijito, na alilileta nyumbani kwa sababu wezi walikuwa wamevunja kufuli la maabara. Kazi ya Constance ni kuyauliza meno ya wafu walikula nini. Ugaga, ule ukoko wa meno, ukishaganda kwenye jino hauachi kitu kipotee: uwele, uyoga, viazi vikuu, samaki, hata maji yaliyonywewa, vyote hubaki humo vikisubiri mtu wa kuvikwangua.

Safari hii meno yalikuwa na kesi. Kampuni ya mgodi iliyojenga upande wa juu wa kijito ilishikilia kwamba shaba na kobalti iliyomo majini ni ya asili, imekuwamo tangu Mungu aiumbe Katanga. Uongo mtupu, na Constance angeuthibitisha Jumatatu mbele ya tume: ugaga ukionekana safi, kampuni ingelazimika kuziba bomba lake la majitaka. Mama Myriam alimwagilia lengalenga zake, mchicha wa kwao, kwa maji ya kijito hicho, na ngozi ya mikono yake ilikuwa ikibanduka kama ganda la kitunguu. Kila alipomwona mama akijipaka mafuta ya mawese viganjani, Constance alisaga meno kwa hasira.

Jioni hiyo Constance aliporudi kutoka misani aliikuta katoni wazi.

"Mama, nani aligusa hapa?"

"Mwenyewe alikuya. Alikuwa na njala. Sasa bila taya atakula je? Nilimupa yake, akakula bukari na lengalenga na samaki ya mu kijito. Akaiosha, akaiweka pa meza. Iko na heshima, ule mama."

"Mama! Kesho njo nilikuwa na kazi na ile meno!"

"Basi ningemufukuza? Mama yangu hakunifundishaka vile."

Hakuna nyumba katika kartie ile ambamo mgeni hutoka na tumbo tupu, na Constance mwenyewe angefanya vilevile. Hasira zilimjaa hata hivyo, na kwa kuwa hakuwa na wa kumtolea, aliosha sahani kwa kishindo mpaka moja ikapasuka.

Jumatatu tume ilikaa katika hoteli ya katikati ya mji, kwenye ukumbi wenye ubaridi wa mashine, na maji ya chupa yaliyotoka mbali yamepangwa mezani. Madame Plamedie ndiye aliyeongoza. Kampuni ilimleta wakili wake, Maître Sylvain. Constance alifungua katoni mbele yao. Ugaga huchukua miaka kujijenga. Huu ulichukua mlo mmoja, na ulikuwa umefunika ule wa kale kwenye meno yote kwa rangi ya kijani. Akaukwangua. Fundi akaelekeza metoreksi, kile kifaa ambacho wanunuzi wa madini hukielekeza kwenye magunia, nacho kikasoma shaba, kikasoma kobalti.

"Voilà," alisema Maître Sylvain. "Tangu zamani bantu banakulaka kobalti hapa. Sisi tulifika juzi tu."

Constance akasema ukweli, kwamba marehemu alikula jana nyumbani kwa Mama Myriam. Hakuna aliyecheka. Madame Plamedie aliuliza samaki walipikwa vipi, kwa mafuta au kwa karanga, akajibiwa, akatikisa kichwa kuridhika. Wakili alikuwa na swali moja.

"Kisha kukula, alikufa?"

"Alikuwa amekwisha kufa, Maître."

"Njo vile. Alikula, akasimama, akarudia kwake vile alifika. Ile chakula haina shida."

Tume iliona hoja hiyo ina uzito. Bomba liliachwa lilivyo, na wajumbe wakahamia meza ya pili kula samaki wa Pweto, walioletwa kutoka ziwa la mbali. Constance alitamani kumburuta yule wakili kwa tai yake hadi kijitoni akamnyweshe kikombe kimoja, kimoja tu. Badala yake alisema merci, mjinga yeye, akakusanya vifaa vyake.

Jumapili iliyofuata mgeni alirudi. Constance mwenyewe ndiye aliyempa taya, kwa mikono miwili kama inavyopaswa. Mama Myriam akaandaa chakula kilekile, bukari na samaki wa kijito. Mgeni alinawa, akamega tonge, akachovya, akatafuna kwa muda mrefu. Kisha akasema, kwa lugha ya kale ambayo Mama Myriam aliisikia nusunusu kama mtu anavyosikia maneno ya jirani kupitia ukutani, kwamba chakula hiki hawezi tena kukila, afadhali abaki na njala yake. Akavua taya, akaliweka mezani, akaaga kwa kichwa na kwenda zake.

Mama Myriam hakuudhika. Alivuta sahani aliyoiacha mgeni, akagawa samaki vipande viwili, na kile kikubwa akamsogezea binti yake.

"Kula, mutoto wangu. Iko inapoa."

Constance akala.