Boneti Yenye Joto

Mwenyekiti Lugembe alichagua gari kwa honi. Nalisema hilo mbele ya mtu yeyote, hata yeye mwenyewe akiwepo. Mwaka ule wa sabini na tano kijiji chetu cha Ujamaa kule Goweko kilitutuma wawili mjini Tabora, yeye kama mwenyekiti na dereva, mimi Tekla kama mkunga, tukatafute gari lililotumika la kubebea wagonjwa. Liwe la dizeli, maana dizeli ya trekta tulikuwa nayo ghalani na petroli tulikuwa tunaisikia tu. Liwe stesheni wagoni, lenye nafasi ya kulaza mtu nyuma. Basi tulipofika uani kwa Abasi, mtaa wa Gongoni, Lugembe aliingia, akakaa, akabonyeza honi, akatabasamu mpaka magego yakaonekana.

"Linafaa," akasema.

"Linafaa kwa harusi," nikamjibu.

Mimi shida yangu haikuwa ya honi. Binti yangu Apolinaria alikuwa na mimba kubwa. Mtoto wake wa kwanza alifia kwenye trela la trekta tukiwa bado njiani kwenda hospitali, na mimi, mkunga na mama mtu, nimekaa pale juu ya magunia sina la kufanya. Uchungu ule haujanitoka. Daktari alisema huyu wa pili azaliwe hospitali tu. Na mtoto hachagui saa ya kuja, wala Juni ya kwetu haina huruma alfajiri, baridi inang'ata masikio. Nilitaka kujua jambo moja tu: gari hili likilala nje kwenye baridi, asubuhi litawaka?

Nikaweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa ya moto.

Hapo lazima nieleze Abasi ni nani. Ni Mzaramo aliyekuja Tabora na kazi za reli, akaoa, akabaki. Mimi Mnyamwezi. Babu zetu walibeba pembe kwenda pwani, wakakatiza nchi ya babu zake, wakagombana, wakapatana, wakatuachia utani. Mtani anakutukana, anakunyang'anya kofia, anakufanyia vituko hata msibani, na ukikasirika wewe ndiye mwenye aibu.

"Karibuni, wapagazi," Abasi alitupokea. "Leo mmechoka kubeba, mnataka kubebwa?"

"Tumekuja kukuokoa, Mzaramo. Tumesikia umeuza mashamba yote ukachezee ngoma, umebakiwa na hili gari tu. Mbona boneti ina joto?"

"Limetoka kwenye vitumbua. Kila asubuhi linampeleka mke wangu Swaumu stesheni na masinia yake."

Wanywa kahawa waliokuwa barazani wakacheka, nami nikacheka. Gari zima lipeleke vitumbua!

"Na ugonjwa wake ni upi?"

"Mmoja tu. Mlango wa nyuma ukila vumbi haufunguki, mpaka uupige teke hapa chini na umtukane Mzaramo."

Barazani wakacheka mpaka mmoja akamwaga kahawa. Lugembe akajipangusa machozi. Mlango wenyewe ulikuwa wazi wakati huo, umeoshwa, unang'aa.

Kesho yake tukarudi mapema zaidi. Boneti ya moto. "Vitumbua," Abasi akasema kabla sijafungua mdomo.

Sasa nikawa na hakika ananificha kitu. Trekta letu lilinifundisha tabia za dizeli iliyochoka. Ikishapata moto inawaka kwa mguso mmoja, unaisifu. Asubuhi ikipoa, kijiji kizima kinasukuma. Mtu mjanja anaweza kuipasha kabla mnunuzi hajafika. Lugembe yeye alikwisha chagua na kiti cha kukalia, anataka tumalizane tuondoke.

Abasi alikuwa anauzungusha ufunguo kidoleni huku anaongea. Nikaupokonya, nikautumbukiza kifuani.

"Mtani, huu nimekula," nikasema. "Nitautapika kesho alfajiri."

Baraza lote likalipuka. Abasi alibaki na kidole kitupu. Alitazama kifua changu, akatazama wazee wa kahawa, akaona hakuna pa kupita. Angeng'aka mbele ya watu wale, mji mzima ungesema Mzaramo kashindwa utani na mwanamke wa Goweko.

"Haya," akasema. "Lakini ujue na mimi nina tumbo."

Nililala kwa dada yangu Bernadeta, ufunguo chini ya mto. Alfajiri tukafika kwa Abasi tunatoa moshi midomoni. Alikuwa amesimama uani amejifunga shuka, mchangamfu kupita kiasi. Nikaweka kiganja juu ya boneti, baridi yake ikanipanda mpaka kwenye kiwiko. Nikamkabidhi ufunguo.

Akaingia, akazungusha. Kimya. Akazungusha tena. Halikukohoa wala halikuguna.

Lugembe akashusha mabega. "Basi, Mama Apolinaria. Twende zetu." Mimi nilitaka kushangilia kwamba nimemkamata mtu, lakini nikamkumbuka mwanangu na lile trela, nikanyong'onyea kabisa.

Abasi akashuka akiwa amejibana mbavu kwa kicheko. Akafungua boneti. Mahali pa betri palikuwa patupu.

"Ufunguo ulikula wewe, betri nimekula mimi," akasema. "Iko jikoni kwa Swaumu. Ukiitaka kaibebe, lakini kichwani, kama babu zako walivyobeba pembe. Na uje unaimba."

Nina umri wa kuamkiwa shikamoo na nusu ya wilaya. Nilimtazama yule mtu nikatamani kumzaba kofi. Halafu nikavua khanga ya begani, nikaisokota ngata, nikaenda jikoni. Betri ya gari la dizeli si kitu cha mchezo, shingo ilizama kati ya mabega. Nikaimba, tena kwa Kinyamwezi, na maneno niliyoyatia mle Abasi ana bahati hakuyaelewa. Mtaa mzima ulitoka na miswaki mdomoni kunitazama.

Mlangoni nikakutana na Swaumu, sinia la vitumbua kichwani, amenuna.

"Wewe ndiye mwizi wa ufunguo?" akaniuliza. "Kwa ajili yako leo naenda stesheni kwa miguu."

Nikasimama na betri yangu. "Kumbe ni kweli?"

"Kipi?"

"Vitumbua."

"Sasa ulidhani gari linanipeleka wapi? Disko?"

Abasi alikuwa ananisikiliza anajifanya anafuta kioo. Alikuwa ameniambia ukweli tangu siku ya kwanza, mara mbili, na mimi nimeucheka kwa kuwa umetoka kinywani mwa mtani. Betri ikafungwa. Akasubiri kidogo plagi zipate moto, akazungusha. Gari likakohoa mara moja, likatema moshi mweupe, likanguruma. Furaha ilinijaa mpaka machozi yakataka kutoka, lakini nilie mbele ya Mzaramo? Nikasingizia moshi.

Tukalichukua. Lugembe alimpigia honi kila kuku wa Goweko, na kila jioni alilisugua kuliko alivyosugua watoto wake.

Apolinaria alishikwa na uchungu alfajiri, baridi ikiwa kali kuliko siku ile. Lugembe akazungusha ufunguo mimi nimeshika rozari. Likakohoa, likawaka. Tulimlaza nyuma juu ya godoro, tukaondoka, na barabara ile ya kiangazi ikatumwagia vumbi jekundu hadi ndani ya meno. Tulipoingia hospitali ya Tabora mtoto alikuwa hangoji mtu tena.

Lugembe akakimbia nyuma kufungua mlango. Haukufunguka. Akavuta, akatia goti kwenye bampa, akavuta tena. Ndani mwanangu analia, "Mama, mama!" Nikaliona lile trela tena.

"Nivunje kioo?" Lugembe akauliza, keshaokota jiwe.

Hapo ndipo nilipokumbuka wale wazee wa barazani wakimwaga kahawa. "Subiri," nikasema. Nikapandisha khanga, nikaupiga teke pale chini. Kimya.

"Tukana!" Lugembe akapiga kelele. "Alisema na kutukana!"

"Mzaramo muuza mashamba wewe! Mcheza ngoma! Mla betri!" nikafoka, nikaupiga la pili kwa nguvu zangu zote.

Mlango ukaruka juu. Wauguzi walinitazama kama mgonjwa wa wodi nyingine, lakini walimpokea mwanangu, na hata kabla sijapata pumzi nikasikia kichanga kinalia kule ndani. Nikakaa chini palepale kwenye changarawe, nikalia kwa sauti bila kusingizia moshi.

Asubuhi iliyofuata Abasi na mkewe walikuja wodini kwa miguu, wamebeba sinia lililofunikwa kawa.

"Tumesikia kazaliwa mpagazi," Abasi akasema. "Chukueni vitumbua, lakini angalieni, ni vya moto."

Nikanyoosha kiganja juu ya kawa kupima, kisha nikakirudisha. Nikamwangalia mtani wangu, nikacheka, nikatia kitumbua kizima mdomoni.

Kikaniunguza ulimi.